Fundi Donatus Aliyezima Mashine kwa Sababu ya Rupia

Donatus Ndaki amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mashine ya mpunga ya Bosi Mwita, hapa Kagongwa. Aliingia mwaka 1993, kijana kutoka Ushirombo mwenye suruali moja. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024. Sasa ni fundi mkuu, ni babu, na suruali anazo.

Bosi ameniambia niandike mimi. Nikamwambia mambo ya sherehe siyajui. Akasema, "Andika ulichokiona." Haya. Mimi ni wa uwanjani. Naanika mpunga, nafagia pumba, nashona magunia. Nilianza hapa mume wangu alipofariki. Nilichokiona ni hiki.

Ya mwanzo nimesimuliwa: fundi alianza kwa kubeba magunia. Mashine ya wakati ule ilikuwa ya dizeli, ya kuzungusha kwa hendeli. Aliyekuwa fundi akasikia dhahabu imetoka Geita, akaondoka, hakurudi. Mashine nayo ikafa. Donatus akaifungua yote, akaitandaza kwenye turubai, nati moja moja. Bosi alipokuja akashika kichwa.

"Donatus, umeniulia mashine!"

"Ilikuwa imeshakufa, bosi. Mimi nimeipasua tu."

Jioni ikawaka. Tangu siku hiyo hakubeba gunia tena.

Mashine ile aliipa jina la Generosa. Mke wake anaitwa Generosa. Mama hakufurahi hata kidogo. Fundi akasema amefanya hivyo kwa heshima, maana wote wawili wakinguruma kuna amani, wakinyamaza ndipo uanze kuogopa. Mama yuko hapa leo, mwulizeni kama ameshamsamehe.

Mpunga anaupima kwa meno. Anachukua punje, anauma, anasikiliza. Akisema "rudisha juani", unarudisha. Kuna tajiri mmoja alikuja na lori zima, akasema mpunga wake umekauka, ukobolewe haraka. Fundi akauma. "Rudisha juani." Tajiri akafoka, akatukana, akapiga simu kwa watu wakubwa. Fundi akakaa kwenye gunia, akanywa soda. Mwisho tajiri akaanika. Wiki nzima alikuwa hapa uwanjani anafukuza kuku kwa fimbo kama sisi. Alipokoboa, chenga zilikuwa kidogo sana. Msimu uliofuata alileta lori mbili, na kuku akawafukuza bila kuambiwa.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa naandika lile kubwa. Wa zamani mnalijua. Wapya mlisikie kwangu, maana kila mtu analisimulia anavyotaka.

Ilikuwa 2017, msimu wa mavuno. Baba mkwe wangu, Mzee Masalu, alikuwa amefariki. Nilimuuguza mimi. Mzee alikuwa na rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi zile za ukoloni. Babu yake aliipata kwa kubeba mizigo ya Wajerumani mpaka Tabora. Upande mmoja kuna mzungu amevaa kofia, na juu ya kofia kuna ndege. Upande wa pili kuna simba na mnazi. Ubavuni ina pengo dogo, kama imeng'atwa. Ilikuwa inatolewa siku ya kutambika tu. Siku nyingine zote inakaa ndani; mzee alipougua ndipo akanionyesha mimi inapokaa.

Siku ya kuondoa matanga akaja shemeji yangu Amosi, mdogo wa marehemu mume wangu. Amosi ni mchimbaji huko Geita.

"Shemeji, lete rupia ya baba."

Nikaingia ndani nikaichukua, nikampa mkononi. Akamwaga mchele kwenye sinia. Akaishusha rupia karibu na mchele. Mchele ukalala. Akaizungusha huku na huku. Mchele umelala tu.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini?"

"Siyo ya baba. Machimboni kila mtu anajua. Rupia ya kweli inavuta mchele. Punje zinaruka zenyewe zinaganda. Nimeona kwa macho yangu. Hii ni feki. Umebadilisha, shemeji."

"Nyingine ningeitoa wapi?"

"Wewe unashinda Kagongwa na wafanyabiashara. Sisi tutajuaje?"

Watu wote pale walikuwa wameshasikia kwamba rupia inavuta mchele. Hata mimi nilikuwa nimesikia. Nilisema sijabadilisha, nikarudia, nikarudia.

Shangazi Mbuke, dada wa marehemu mzee, ndiye mkubwa wa ukoo. Akasema, "Twendeni kwa fundi wa mashine. Mchele anao, na sumaku kubwa anayo; wanasema rupia ya kweli inashika na sumaku. Akisema ndiyo, maneno yameisha. Akisema siyo, Mama Eunice afungashe aende kwao. Watoto watabaki, ni wa ukoo."

Mama Eunice ndiye mimi. Eunice wangu alikuwa na miaka minane. Mdogo wake, Luka, alikuwa bado anajifunza kusimama.

Wapya mjue kwanza sumaku ni ipi. Kwenye mdomo wa mashine, mpunga unapoingilia, kuna chuma kirefu kama mkono. Hiyo ndiyo sumaku. Inakamata misumari na vipande vya waya vilivyomo kwenye mpunga, visiingie ndani vikararua mipira inayokoboa. Kila siku fundi anaichomoa na kuisafisha. Watu wa hapa wanaiogopa kidogo. Wengine wanaamini ina dawa.

Basi asubuhi tukaja ukoo mzima. Habari ikatutangulia. Uwanja ukajaa kama kuna mpira. Wabeba magunia wakaanza kuwekeana dau la soda. Mmoja akapiga kelele, "Mimi niko na Mama Eunice!" Mwingine akamjibu, "Soda yako nimeshaifungua!"

Fundi akafuta mikono. Akachomoa sumaku. Akaiweka rupia pale, akaachia.

Ikadondoka. Tii!

Akarudia. Tii!

Akachota mchele uliotoka kwenye mashine muda huo, bado wa moto. Akaishusha rupia. Hakuna punje iliyotikisika.

"Haishiki," fundi akasema. "Hii siyo."

Amosi akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe!" Shangazi Mbuke akaninyang'anya khanga ya kubebea mtoto, na mtoto mwenyewe. Wakaondoka, na Luka mgongoni mwake.

Najua hii ni sherehe, na mtu haandiki ubaya wa mstaafu. Lakini fundi alikosea. Alisema jambo asilolijua, na kwa kuwa ni fundi, watu walimwamini. Nimemwuliza kama niandike. Akasema, "Andika. Ukiacha hilo, lililobaki halina maana."

Nilibaki nafagia pumba. Sikujua niende wapi.

Mchana fundi akachomoa tena sumaku kuisafisha, mashine inanguruma. Ilikuwa imekamata misumari, kizibo cha soda, na hela ya mia tano.

Mteja mmoja akaruka. "Fundi, hiyo yangu! Imedondokea kwenye mpunga!"

"Yako kivipi? Imeandikwa jina?"

"Yangu kweli! Zilidondoka pamoja na mia mbili. Na mia mbili yangu je?"

"Mia mbili haipo hapa."

"Itakuwepo tu. Zilikuwa mfuko mmoja!"

Wakaitafuta. Wakaikuta chini, kwenye chekeche la mawe. Ilikuwa imepita mbele ya sumaku, ikaenda zake. Fundi akaishika ile mia mbili. Akaitazama. Akaiweka kwenye sumaku, akaachia.

Tii!

Mlio ule ule wa asubuhi. Nilikuwa karibu, niliusikia. Fundi akaganda. Akajaribu tena mia tano. Ikashika. Akajaribu mia mbili. Tii!

Akanyoosha mkono akazima mashine.

Jamani, msimu wa mavuno. Foleni ya magunia imefika barabarani. Wanasema hata siku alipozaliwa binti yake Lusia, fundi hakuzima. Kimya kikawa kikubwa mpaka watoto wakaacha kucheza. Bosi Mwita akatoka ofisini anakimbia.

"Donatus! Umeme umekatika?"

"Haujakatika. Nimezima."

"Umezima? Na wateja wote hawa?"

"Asubuhi nimesema uongo, bosi. Naenda kuufuta."

"Uongo wa nini?"

"Wa rupia."

"Rupia na mpunga wangu wapi na wapi?"

Fundi akachukua spana akafungua ile sumaku nzima, akaiviringisha kwenye gunia, akaifunga kwenye baiskeli. Akaniita, "Mama Eunice, acha huo ufagio. Twende."

Tukaondoka. Nyuma yetu wakaja wateja wote. Mpunga waliuacha pale pale. Hakuibiwa mtu hata kiroba kimoja. Wezi nao walikuja kuangalia.

Nyumbani tulikuta ukoo wamekaa uani. Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye shuka, ziko mlangoni. Eunice alikuwa amezikalia.

"Shikamoo, shangazi," fundi akasema.

"Marahaba. Umekuja na chuma?"

"Nimekuja nacho. Asubuhi nilikosea. Nilisema siyo, na nilikuwa sijui. Naomba mnisikilize tena."

Amosi akasimama. "Fundi, maneno yako mawili? Asubuhi siyo, mchana ndiyo?"

"Ndiyo sijasema bado. Kaa. Kila mtu atoe hela za chuma alizonazo."

Mifuko ikaanza kulia. Akina mama wakafungua mafundo ya khanga. Fundi akafunua sumaku juu ya gunia. Mia tano zikaruka zikaganda, tap, tap, tap. Watoto wakashangilia. Mia mbili zikadondoka zote, hata moja haikushika.

Fundi akaokota mia mbili moja. "Amosi, hii ni feki?"

"Siyo feki."

"Umejuaje?"

"Jana nimenunulia sigara."

Watu wakacheka. Fundi akaokota msumari, ukaganda kwenye sumaku. "Na huu umeshika. Ni rupia?"

Vicheko vikazidi. Amosi alianza kuona aibu, lakini ni mtu mbishi. "Hizo ni hela za siku hizi. Rupia ni kitu kingine. Ni madini."

"Ehee. Madini. Umefika mwenyewe." Fundi akamsogelea. "Wewe ni mchimbaji. Mkishasafisha mchanga, ukabaki ule mweusi na dhahabu, mnafanyaje?"

"Tunapitisha sumaku."

"Inakamata nini?"

"Ule mchanga mweusi. Ni chuma ule."

"Na dhahabu?"

Amosi akasugua kisogo.

"Jibu, ukoo unakusikiliza."

"Dhahabu inabaki chini."

"Haishiki?"

"Haishiki."

"Sasa dhahabu ikikataa sumaku unaifunga kwenye kitambaa, unaificha hata mkeo asiione. Rupia ikikataa sumaku unamfukuza shemeji yako?"

Ua mzima ukalipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akatafuta kiti. Nikaanza kupumua.

Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, "Na ule mchele wa machimboni unaoruka?"

Fundi akajibu, "Hilo kamwulizeni aliyekuja na mchele wake mfukoni. Wa kwangu uko mwingi, na haujawahi kuruka."

Lakini Amosi akasema jambo la maana, lazima niliseme. Akasema, "Sawa. Nimekubali sumaku haijui. Basi haijui huku wala huku. Mtu anaweza kutengeneza feki ambayo haishiki. Utajuaje hii ndiyo ya baba?"

Nikaona Shangazi Mbuke anatikisa kichwa kwamba kweli.

Fundi akakuna kidevu. Halafu akaniuliza mimi, "Ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwenye kikopo cha ugoro."

"Ilikuwa inachezacheza humo?"

"Hapana. Kuna nta chini. Inabanwa kwenye nta."

Nilimwona macho yanabadilika. Beringi ikivunjika, fundi hahangaiki na vipande. Anaangalia pale ilipokuwa imekaa, anapapasa kwa kidole, anajua ilikuwa ipi. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi.

"Kikopo kiko wapi?"

"Ndani. Hakuna aliyekiulizia."

Eunice akaruka kwenye lile furushi, akaingia ndani mbio, akatoka nacho. Fundi hakukigusa. "Mpe shangazi. Afungue yeye."

Shangazi akafungua. Nta ilikuwa nyeusi kwa ugoro, ngumu kama jiwe. Katikati kuna shimo la duara, na ndani ya shimo kuna simba. Watu wakasukumana. Amosi akaingiza kichwa.

"Huyu simba anaangalia huku," akasema. "Wa kwenye rupia anaangalia kule. Kageuka! Mnaona? Siyo huyu!"

Wengine wakaguna, kweli kageuka. Mimi nikaona nimekwisha.

Fundi akasema, "Mwenyekiti wa kitongoji yupo? Muhuri unao?"

Alikuwepo, alikuja na wateja. Akautoa muhuri. Fundi akamwonyesha Amosi maandishi ya kwenye mpira. "Soma."

"Haisomeki. Yamegeuka."

"Ukigonga kwenye karatasi?"

Amosi akaangalia muhuri, akaangalia nta.

"Weka, shangazi," fundi akasema.

Shangazi akaichukua rupia. Akaigeuza mpaka lile pengo la ubavuni likakaa sawa na kijino kidogo kwenye nta. Akabonyeza kwa dole gumba. Ikaingia. Haikubaki nafasi ya hata unywele. Akakipindua kikopo, akakitikisa. Haikutoka.

Halafu akasema, "Nta hii niliiyeyusha mimi. Nilikuwa msichana, baba yangu yuko hai. Iliniunguza hapa." Akaonyesha kovu kwenye kidole. "Baada ya hapo wanawake hatukuonyeshwa tena ndani ya kikopo. Nilikuwa nimesahau kama kuna simba." Akanigeukia. "Ng'wanawane, mwanangu, rudisha nguo zako ndani."

Sikurudisha mimi. Walirudisha akina mama wa foleni, furushi zima, wanapiga vigelegele. Shangazi akamfungua Luka mgongoni akanipa.

Kisha akamtoza Amosi mbuzi kwa kunisingizia. Amosi akakubali. Watu wakataka kuondoka, fundi akasema, "Bado. Na mimi nitozwe. Mimi ndiye niliyesema siyo."

Shangazi akamtazama. "Wewe utatukobolea mpunga wa ukoo msimu huu. Bure."

Bosi Mwita alikuwa ameshafika, amekuja na pikipiki kudai sumaku yake. Akapiga kelele, "Hapo nimetozwa mimi!" Lakini alicheka. Na mpunga ulikobolewa. Ukoo ni mkubwa, waliuleta mpaka wa binamu.

Mzee mmoja alimwuliza fundi, "Sasa sema wewe. Ni ya Mjerumani kweli?" Fundi akasema, "Hilo sijui. Ninachojua ni kwamba hii ndiyo iliyokaa humu. Sitasema zaidi." Baadaye Amosi aliniomba, tukaenda wote kwa sonara Geita. Sonara akaisugua kidogo ukingoni, akaipima, akasema ni fedha halisi, na simba na mnazi ni wa zamani hasa, hawaonekani sana. Amosi akaniambia, "Shemeji, ni ya kweli." Nikamwambia, "Mimi nilishajua."

Ndiyo hayo. Fundi Donatus amefundisha mafundi ambao sasa wana mashine zao Kahama na Isaka. Chini yake hakuna mfanyakazi aliyekatika kidole, kwa sababu alikuwa hawashi mpaka aone mikono ya watu wote. Alisimamia kuhama kutoka dizeli kwenda umeme, na hatukulala njaa. Lakini mafundi wazuri wapo wengi. Mtu wa kuzima mashine msimu wa mavuno, aende mbele ya watu wale wale aseme nimekosea, mimi nimemwona mmoja.

Anayewasomea karatasi hii ni Eunice. Yuko kidato cha pili. Anatoka nyumbani kwangu asubuhi, anarudi nyumbani kwangu jioni.

Fundi, asante. Bosi anasema asante, wa uwanjani tunasema asante, na shangazi ametuma kuku, yuko nyuma ya jukwaa, msimkanyage. Nenda Ushirombo ukalime taratibu. Uwe na afya, wewe na Mama Lusia. Mungu akupe miaka mingi ya kuamka saa unayotaka mwenyewe.